Anayekata Upepo

Mtu akirudi Katoro baada ya miaka kadhaa, swali la kwanza kuhusu yeye huwa moja: "Vipi, ametoboa?" Vijana wa nchi nzima wanalitumia neno hili, ila katika ukanda wa dhahabu wa Geita liko karibu zaidi na mwili, kwa sababu huku kuna watu wanaotoboa kwa mikono yao. Unashuka kwenye duara, unapasua mwamba kwa nyundo na tindo, unapandisha mawe kwa kamba, unayapeleka kwenye karasha, unasubiri. Mwamba ukitema, jina lako litatajwa kuanzia sokoni mpaka Buseresere. Usipotema, utaondoka na begi lile lile ulilokuja nalo. Wawili waliochimba kina kimoja na kumeza vumbi moja wanaachana hapo. Mmoja anabaki na hadithi ya kusimulia. Mwingine anaambiwa hakuwa na bahati, na mazungumzo yanahamia kwingine.

Kipimo hiki kina sifa zake. Ni chepesi, na hakihongwi kwa maneno matamu. Huwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba kodi utailipa kwa juhudi. Lakini kadiri ninavyokisikia, nyumbani na hata chuoni ambako tunakitumia kwa ajira na ufadhili, ndivyo kinavyoniachia swali ambalo naliona ni la kimaadili kabla halijawa la kiuchumi. Je, thamani ya kazi ya mtu iko kwenye tunda peke yake? Na kama tunda limechumwa na mkono mwingine, aliyelima ana nini cha kuonyesha?

Nataka kulijaribu swali hili kwa kazi ambayo haifanani na uchimbaji hata kidogo: mbio za baiskeli za barabarani. Nina sababu ya kuichagua. Sijui mchezo mwingine ambamo mtu anaajiriwa, analipwa mshahara na kusafirishwa dunia nzima, kwa makubaliano ya wazi kwamba asishinde yeye.

Baiskeli yenyewe si mgeni kwetu. Usukumani, pesa ya pamba ilinunua baiskeli kabla haijanunua bati, na Phoenix ilikuwa mali ya kuhesabiwa pamoja na ng'ombe. Kabla bodaboda hazijajaa barabarani, baiskeli ndiyo iliyobeba abiria, magunia, madumu na wagonjwa. Kijana aliyekanyaga akiwa na mtu mzima kwenye keria, katika upepo wa kiangazi, alikuwa tayari anaijua kanuni ya kwanza ya mbio za barabarani bila kufundishwa na mtu: adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa.

Ukienda mwendo wa kasi kwenye barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako inaishia kusukuma upepo. Anayekaa nyuma yako, gurudumu lake likikaribia kugusa lako, anapumzika kwenye kivuli cha mwili wako. Anaweza kuokoa takriban theluthi moja ya nguvu, na aliye katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Hapo ndipo mchezo mzima ulipojengwa. Timu inamchagua kiongozi mmoja. Wengine wanakaa mbele yake, wanamkatia upepo kwa saa nne au tano, wanarudi kwenye gari kumchukulia chupa za maji, wanampa gurudumu lao akipata pancha. Mlima wa mwisho unapofika wao wameisha, na yeye bado ana miguu. Wafaransa wana jina la mtu huyu, nalo asili yake ni neno la mtumishi wa nyumbani. Kwa Kiswahili nitamwita mkata upepo.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo inadhani kwamba anayechuma na anayekula ni mtu mmoja. Katika mbio za baiskeli ni wawili: mmoja amechuma kwenye upepo, mwingine atakula kivulini, na picha gazetini itakuwa ya aliyekula.

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Mwaka 2012, akiwa na leseni ya Uingereza, alikuwa mkata upepo wa Bradley Wiggins katika Tour de France. Katika hatua ya 11, kwenye mlima wa La Toussuire, Wiggins akiwa amevaa jezi ya njano, Froome aliongeza kasi na kiongozi wake akashindwa kumfuata. Kwa sekunde chache dunia iliona kitu ambacho timu haikutaka kionekane, kwamba msaidizi anapanda vizuri kuliko bwana. Amri ikaja kwenye redio ya sikioni, Froome akapunguza mwendo, akamsubiri. Wiggins akawa Mwingereza wa kwanza kushinda Tour. Froome akawa wa pili, dakika 3 na sekunde 21 nyuma.

Tukio hili linawakera watu wengi, ila halinikeri mimi. Froome alijua alichosaini. Mwaka uliofuata alikuwa kiongozi, wengine wakamkatia upepo yeye, akaishinda Tour hiyo, kisha akairudia 2015, 2016 na 2017. Aliyemsubiri mwenzake alikuja kusubiriwa. Zaidi ya hapo kuna mila ya zamani ya mchezo huu: mshindi wa Tour hupewa euro 500,000, na kwa desturi haziingii mfukoni mwake, hugawanywa kwa wenzake wa timu na wahudumu wao. Mkata upepo hayupo kwenye picha, lakini yupo kwenye mgao.

Anayenisumbua ni yule ambaye zamu yake haikufika.

Ukiifuata barabara ipitayo Katoro kuelekea Bwanga na Biharamulo, ukaendelea, utafika Rusumo, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Si mbali kutoka mpakani kuna Rwamagana, na huko alizaliwa Adrien Niyonshuti mwaka 1987. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalimkuta akiwa na miaka saba. Ndugu zake sita wa kiume waliuawa. Yeye alinusurika, akakua, akaipenda baiskeli, na mwaka 2008 akashinda mbio za kuizunguka Rwanda, mwaka mmoja kabla mbio hizo hazijaingia kwenye kalenda ya kimataifa. Mwaka 2009 akajiunga na timu ya MTN ya Afrika Kusini na kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa.

Tuiangalie kazi yake kwa jicho la Katoro. Mwaka 2012 alibeba bendera ya Rwanda kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London, kisha akashindana katika baiskeli za milimani. Alimaliza wa 39. Mwaka 2015 timu yake, ambayo sasa iliitwa MTN-Qhubeka, ilikuwa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour de France. Kila timu ilipeleka watu tisa. Waeritrea wawili, Daniel Teklehaimanot na Merhawi Kudus, walikuwemo, na Teklehaimanot akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya madoadoa ya kiongozi wa milimani. Niyonshuti, aliyeingia katika timu hiyo miaka sita nyuma, hakuwemo kati ya wale tisa. Alistaafu bila kukanyaga hata kilomita moja ya Tour de France.

Je, alitoboa?

Jibu la haraka ni hapana, na anayetoa jibu hilo si lazima awe mtu mbaya. Atakwambia mashindano ni mashindano, kwamba kumsifu aliyekuwa wa 39 ni kufarijiana, na kwamba mataifa yetu yameridhika mno na kushiriki. Hoja hii ina uzito. Nimeisikia baada ya karibu kila msafara wa michezo unaorudi Tanzania mikono mitupu, na mara nyingi imesemwa na watu wenye haki ya kuchoka.

Lakini angalia namba hiyo ya 39 inapima nini. Katika mbio za milimani, mtu anayeachwa sana na wa kwanza hutolewa njiani, haruhusiwi kumaliza. Kumaliza kwenyewe kuna mlango, na wapo wanaofungiwa. Aliyefika namba 39 London alikuwa mbele ya watu waliotolewa na ya watu wengi zaidi ambao hawakufuzu kabisa. Nchi yake haikuwa na njia ya mazoezi iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huo kama walizokuwa nazo wapinzani wake, na hakukuwa na Mnyarwanda aliyemtangulia ambaye angemwambia zamu ya tatu ya mzunguko inakuwaje. Kipimo cha kutoboa kinaangalia mtu amefika wapi, hakiulizi ameanzia wapi wala alikuwa nyuma ya nani. Na tumeona kwamba kwenye baiskeli, kujua uko nyuma ya nani ni nusu ya mbio. Anayeongoza kundi la nchi yake yote hana mgongo wa kujificha. Upepo wote ni wake.

Kwa hiyo, hata kwa hesabu ngumu isiyo na huruma, kupima kwa nafasi ya mwisho peke yake ni kupima vibaya. Ni kama kuwapima wapandaji wawili wa mlima kwa urefu wa walipofika bila kuuliza nani alianzia bondeni.

Ningeweza kuishia hapa, na makala ingekuwa ya kumsifu mkata upepo. Wengi huishia hapa. Lakini sifa hizo zina hatari yake, nayo naiogopa kuliko dharau, kwa sababu dharau hujionyesha na sifa hujificha.

Kuna msemo tunaousema huku tukicheka: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Siku zote bwana ndiye anayeimba utukufu wa punda. Mwajiri anayechelewesha mishahara ndiye anayehutubia kuhusu kujitolea. Familia inayomwachisha binti shule ndiyo inayosema ana moyo wa pekee. Ukishamwita mtu shujaa wa kujinyima, unakuwa umemlipa kwa neno, na neno halina gharama. Kwa hiyo kabla ya kumsifu anayekata upepo, lazima tuulize kama anasifiwa au anatapeliwa.

Immanuel Kant, mwaka 1785, aliandika kwamba tusimtende mtu kamwe kama chombo tu cha kufikia malengo yetu. Wanafunzi wengi wa falsafa wanaikumbuka kanuni hiyo na kulisahau neno dogo lililoibeba, yaani "tu". Kant hakusema tusitumiane. Dereva ananifikisha, mwalimu ananifundisha, mimi nawatumia na wao wananitumia. Kosa linaanza pale ambapo mtu amegeuzwa chombo na hakuna kilichobaki cha kwake mwenyewe katika shughuli ile.

Utajuaje kwamba kimebaki? Nadhani kuna mambo matatu ya kuangalia, na nimeyajifunza machimboni kabla sijayasoma popote. La kwanza, je, alijua anachokubali? La pili, je, fungu lake lilitajwa kabla ya kazi kuanza? La tatu, je, anaweza kukataa au kuondoka bila kuangamia?

Machimboni mgao hupangwa kabla. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wana lao, na mawe yakitoka hugawanywa kwa viroba mbele ya macho ya watu. Watu hugombana, hudhulumiana, lakini kanuni yenyewe ina heshima ndani yake: inakiri kwamba mwamba haukutema kwa ajili ya mtu mmoja. Mchimbaji aliyekuwa juu akivuta kamba siku ambayo mwenzake chini aliuona mshipa wa dhahabu anapata kiroba chake, na hakuna anayemwambia kwamba yeye hakuuona. Hii ni hekima kubwa kuliko ile ya neno "ametoboa," na zote mbili zinakaa mji mmoja. Kwenye mgao tunajua kwamba kazi ni ya wengi. Kwenye mazungumzo ya jioni tunasahau.

Lakini mgao huo huo una watu wasioonekana. Mama anayeponda mawe kutwa nzima kwa nyundo ndogo analipwa kwa ndoo. Anayepika uji saa kumi usiku ili wachimbaji washuke na kitu tumboni hayumo kwenye viroba. Mtoto aliyebeba maji hayumo kabisa. Ukiwapitisha kwenye maswali yangu matatu watakwama kwenye la pili au la tatu. Hao hawamkatii mtu upepo kwa makubaliano. Hao wameegemewa tu.

Swali la mgao lina upande wake wa kitaifa pia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina onyo ambalo kizazi changu hukumbushwa mara chache. Lilisema unyonyaji hauhitaji bepari mwenye sigara. Watu wa mjini wanaweza kuwanyonya wakulima kama hawaangalii, kwa sababu fedha za kujengea miji hukopwa kwa jina la wote na kulipwa kwa jasho la shamba. Nilipolisoma chuoni nililiona linanigusa moja kwa moja. Mimi ni mtu wa mjini sasa. Ninakaa maktabani, ninaandika tasnifu, na watu wanasema nimetoboa. Mbele yangu, kwa miaka mingi, kulikuwa na mgongo.

Mgongo huo ni wa dada yangu. Alimaliza kidato cha nne, hakuendelea, akaanza kuuza dagaa na mchele sokoni Katoro. Ada zangu, sare, godoro la bweni, nauli ya kwenda chuo, sehemu kubwa ilipita kwenye meza ile. Nikitumia maswali yangu matatu kwake, sina uhakika yote yana jibu zuri. Hakuna aliyemtajia fungu kabla ya kazi kuanza.

Watu wakimzungumzia, hutumia maneno yale yale: alijitoa mhanga kwa ajili ya mdogo wake. Ndugu husema hivyo kwenye sherehe, na huwa wanasema kwa nia njema. Yeye hulikataa neno hilo kila linapotamkwa mbele yake. Mara ya mwisho nilikuwepo. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akatabasamu, akasema, "Jamani, mimi nilikuwa nafanya biashara. Ada ya huyu ilikuwa mojawapo ya matumizi."

Watu walicheka. Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo tangu siku ile, kwa sababu naona limefika mahali ambapo Kant na Azimio hawakunifikisha. Meza ya dagaa imekuwa fremu, fremu ina msaidizi wa kuajiriwa, watoto wake wanasoma, na anajua bei ya mchele wa Kahama kabla gari halijashusha. Yote hayo yanafutika pale tunaposema kwamba maisha yake yalikuwa ya kunisukuma mimi. Shukrani inaweza kumnyang'anya mtu kama dhuluma inavyomnyang'anya. Dhuluma inachukua fungu lake, shukrani ya aina hii inachukua hadithi yake.

Mfano wake nauona Kenya. Nje kidogo ya Nairobi, huko Kikuyu, David Kinjah amefundisha vijana baiskeli kwa miongo. Mmoja wao alikuwa Froome. Tangu Froome ashinde Tour, waandishi kutoka pembe zote za dunia wamefika kwa Kinjah, na karibu wote wamekuja kumuuliza juu ya mtu mwingine. Kinjah mwenyewe alishindana Ulaya na kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa mwendesha baiskeli kabla ya kuwa mwalimu wa mwendesha baiskeli. Kumwita "mwalimu wa Froome" ni kweli, na ni heshima, na bado kuna kitu kimepotea hapo.

Kosa hili linatunyemelea pia tukirudi kwa Niyonshuti. Njia rahisi ya kumtetea dhidi ya kipimo cha kutoboa ni kusema kwamba alifungua njia. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kuishinda Tour du Rwanda tangu iingie kalenda ya kimataifa. Septemba 2025 Kigali ikaandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na Tadej Pogačar akashinda kwenye vilima vile vile ambavyo vijana wa Rwanda hufanyia mazoezi. Unaweza kupiga mstari kutoka kwa yule mshindi wa 2008 mpaka siku ile na ukaona kila kitu kinaingia mahali pake. Mstari huo una ukweli. Lakini ukiishia hapo, umemfanya Niyonshuti kuwa mkata upepo wa Kigali 2025, na baadaye mkata upepo wa Mnyarwanda fulani ambaye siku moja ataingia Tour de France. Thamani yake umeiahirisha, umemkabidhi mtu ambaye hajazaliwa.

Katika mbio zile za wanaume Kigali, walioanza walizidi 160. Waliomaliza walikuwa 30. Wengine wote waliacha njiani, wakiwemo watu ambao kazi yao ya siku ile ilikuwa kuvuta kundi mzunguko baada ya mzunguko, kisha kupinda pembeni na kushuka kwenye baiskeli. Kwenye karatasi ya matokeo mbele ya majina yao hakuna nafasi, kuna alama tu ya kwamba hawakumaliza. Ukimuuliza mmoja wao kama siku yake ilikuwa bure, nadhani atakushangaa. Alikuwa na kazi, aliijua, aliifanya kwa ustadi mpaka mahali ilipokoma. Alijua ni kilomita ya ngapi miguu itakufa na aliipanga ife pale, si kabla.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Kazi ya mtu ina thamani ya aina tatu, na zote zinadaiwa kwa wakati mmoja. Kuna fungu, ambalo ni haki, na linalipwa kwa pesa, kwa muda, kwa nafasi, si kwa hotuba. Kuna shukrani, ambayo ni ukweli juu ya nani alikuwa mbele yangu upepo ulipovuma. Halafu kuna ile ya tatu tunayoisahau: kumwona mtu akiwa kwenye mbio zake mwenyewe, hata pale mbio zake zilipopita mbele ya zangu na kunikinga. Shukrani isiyo na fungu ni utapeli. Na fungu pamoja na shukrani, bila kumwona mtu mwenyewe, vinamwacha akiwa chombo kilicholipwa vizuri.

Kwa Niyonshuti jambo la tatu lina sura hii. Mtoto aliyepoteza ndugu sita alichagua kazi ambayo kila siku inamtaka mtu aamke na kwenda kuteseka kwa hiari yake, akaifanya kwa miaka mingi katika kiwango ambacho wachache wa bara hili wamewahi kukifikia. Alifundisha wengine Rwamagana katika shule ya baiskeli yenye jina lake. Hata kama asingemfundisha mtu yeyote, hata kama Kigali isingeandaa chochote, asubuhi zile za mazoezi zilikuwa zake na zilikuwa na maana zilipokuwa zikiendelea. Hazikuhitaji kusubiri mwamba uteme.

Kwa dada yangu, jambo la kwanza bado lipo. Amekataa kuitwa mhanga, lakini sijamsikia akisema hanidai. Mwaka huu anataka kuongeza fremu ya pili, na mtoto wake wa kwanza anaingia kidato cha kwanza. Nimeanza kuweka kando sehemu ya posho yangu kwa ajili ya ada hiyo. Nilipompelekea ya kwanza alihesabu, akaandika kwenye daftari lake la biashara, upande wa mapato, kisha akaniuliza ya mwezi ujao itafika tarehe ngapi.